Gari Kuukuu na Mlio Wake

Vilima na mashimo ya Kampala havilionei huruma gari kuukuu. Letu lilipoanza kugonga kila lilipopita shimoni, tulikwenda mbio katika soko la Kisekka, tukatumia sehemu kubwa ya mshahara kununua shokomzoba mbili. Mlio ukabaki pale pale. Kosa letu lilikuwa kununua kabla ya kupima.

Ndugu msomaji, bonyeza kwa nguvu pembe moja ya gari, kisha uachie. Likizidi kurukaruka, au shokomzoba ikivuja mafuta, hiyo ndiyo mbovu. Gari likitulia mara moja, tafuta kwingine. Liinue kwa jeki, ulikingie stendi madhubuti, kisha ulishike gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, shuku bolijointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi.

Bushi za mpira zilizoanza kuchakaa zaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Bolijointi iliyolegea haisubiri: ikichomoka, gurudumu hulala, usukani hautii tena, na walio ndani hawana pa kukimbilia. Yetu ndiyo iliyokuwa ikigonga.