Mnyoo Akaaye Kimya na Mgonjwa Aliyepungukiwa Kinga



Mkulima aliyelima mpunga miguu mitupu kwa miaka mingi aweza kuwa na mnyoo mdogo tumboni asijue. Hulima, huleta mazao ghalani, wala hajioni mgonjwa. Kisha hushikwa na pumu, hupewa vidonge vya kumtuliza, na baada ya majuma machache yu mahututi. Kilichomwangusha si pumu, bali ni mnyoo aliyekaa naye tangu ujana. Msiba wa namna hii huzuilika, mradi mgonjwa na tabibu waufahamu mapema.

Mnyoo huyo aitwa strongiloidesi. Alitambuliwa mwaka 1876 mjini Toulon na Louis Normand, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, kwa askari waliorejea kutoka nchi iitwayo leo Vietnam. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 300 hadi 600 wanaye. Jike lake lina urefu wa milimita 2 hivi. Viluwiluwi vyake hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, na hatimaye hufika utumbo mwembamba.

Minyoo mingi ya tumbo hufa baada ya muda, isipokuwa mtu aambukizwe tena kutoka nje. Huyu sivyo. Mayai yake huanguliwa ndani ya utumbo, na baadhi ya viluwiluwi hukomaa humo humo, vikapenya tena mwilini. Kwa hiyo uzao wake hauishi. Wanajeshi waliotekwa katika Vita Kuu ya Pili na kufanyishwa kazi ya reli ya Burma walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kinga ya mwili ikiwa imara, minyoo hubaki michache. Lakini dawa za steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, hulegeza ulinzi huo. Hapo minyoo huongezeka mno, huenea mapafuni, ini na ubongo, na hubeba bakteria wa utumbo hadi katika damu. Wengi wanaofikia hali hiyo hufa. Walio hatarini pia ni waliopandikizwa figo, wanaotibiwa saratani, na wenye virusi vya HTLV-1. UKIMWI peke yake haukuonekana kumwamsha mnyoo huyu kwa kiasi kilichohofiwa hapo awali. Hata hivyo, mwenye UKIMWI apewapo steroidi apaswa kuangaliwa vivyo hivyo.

Kipimo kimoja cha choo aghalabu hakimwoni mnyoo huyu. Yafaa choo kipimwe mara kadhaa, au damu ipimwe mahali penye kipimo hicho. Dawa iliyo bora ni ivermektini, ambayo ugunduzi wake uliwapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kipimo chake ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kinga nzuri aghalabu hutosheka na dozi moja. Aliyepungukiwa kinga huhitaji kurudia na kupimwa tena. Na aliyeenewa na minyoo hutibiwa hospitalini kila siku mpaka viluwiluwi visionekane kwa majuma mawili. Albendazoli, tuliyoizoea kwa minyoo mingine, haina nguvu sawa kwa huyu.

Tahadhari mbili hazina budi kushikwa. Ivermektini ya mifugo isitumiwe na binadamu kamwe. Tena, mgonjwa aliyekwisha kuzoea steroidi asiziache ghafla kwa hofu; kuziacha hivyo nako huhatarisha maisha. Amwendee tabibu.

Kamati za vyama vya msingi zaombwa kutekeleza haya:

1. Kuwahimiza wanachama kuvaa buti za mpira mashambani, na kuhakikisha kuwa kila nyumba na kila ghala lina choo.

2. Kuwaonya wanachama wasinunue steroidi dukani bila cheti cha daktari.

3. Kumfundisha kila mwanachama aseme hivi kabla ya kuanza dawa hizo: "Mimi ni mkulima, nimekanyaga matope miguu mitupu. Je, nimepimwa mnyoo huyu?"

Swali hilo halina gharama. Lisomwe katika mkutano mkuu ujao wa kila chama.