Chatu na watoto wake

Chatu ni nyoka mkubwa sana. Hana sumu, hujizungusha mwilini mwa mnyama, akamkaba, akammeza mzima. Mara huonekana, mara ametoweka majanini. Je, huenda wapi?

Katika Afrika ya Kusini, mtaalamu Graham Alexander aliwatia chatu chombo kidogo cha redio ndani ya mwili, kisha akawaachilia. Sauti ya chombo hicho husikika kwa mashine tu. Aliifuata miaka 7, akatangaza habari zake mwaka 2018.

Chatu jike hutaga mayai katika shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa. Mchana hutoka kuota jua mlangoni. Rangi yake hugeuka nyeusi, apate joto upesi. Akiisha kupata joto, hurudi kuyazungukia mayai. Watoto wakianguliwa, hukaa nao majuma 2 hivi, akiwapasha joto usiku. Huweza kupitisha miezi 6 bila kula, akakonda sana.

Zamani wataalamu walidhani kwamba nyoka atagaye mayai hawatunzi watoto wake. Kumbe, chatu huvumilia njaa kwa ajili yao.