Njia Fupi na Njia Salama: Baiskeli, Ramani za Simu na Watoto Wetu wa Wheaton



Mwanangu wa miaka 15 aliniomba ruhusa ya kwenda maktaba ya Silver Spring kwa baiskeli, peke yake. Nilipomwuliza atapita wapi, alinionyesha simu yake. Mstari wa buluu ulianzia karibu na stesheni ya Metro ya Wheaton, ukashuka na Georgia Avenue bila kukata kona, ukaishia Silver Spring: maili 3 na nusu hivi. Simu iliulizwa njia ya baiskeli, na jibu ililolitoa liliandikwa kuwa ni njia ya baiskeli. Nilimwambia asubiri Jumapili, twende wawili.

Jumapili tulitoka mapema, baada ya sala ya Alfajiri, magari yakiwa bado machache. Hata hivyo hatukufika mbali. Karibu na Forest Glen, pale Georgia Avenue inapokutana na ile barabara kuu ya mzunguko, yaani Beltway, magari huacha mkondo wake na kukimbilia njia za kupandia barabara kuu pasipo kupunguza mwendo, na mwenye baiskeli hujikuta yuko katikati, gari kuliani na gari kushotoni. Tulishuka, tukazikokota baiskeli kwenye njia ya waendao kwa miguu. Mtoto akaniuliza, "Baba, ina maana simu haijui kwamba hapa hapapitiki?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na niliyoyapata nayaleta kwenu, kwa kuwa najua nyumba nyingi miongoni mwetu zina baiskeli mlangoni na mzazi mwenye wasiwasi dirishani.

Kinachofanyika ndani ya simu si uganga. Mwaka 1956 mtaalamu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, alibuni hesabu ya kutafuta njia fupi kabisa kati ya mahali pawili. Aliichapisha mwaka 1959, na ramani nyingi za kompyuta hadi leo zimejengwa juu yake au juu ya hesabu zilizozaliwa nayo. Barabara hukatwa vipande vipande, kutoka makutano hadi makutano, na kila kipande hupewa bei. Mashine hujumlisha bei hizo na kuchagua safari iliyo nafuu kuliko zote. Siri yote imo katika hiyo bei. Ikiwa bei ni urefu tu, Georgia Avenue itashinda, kwa kuwa imenyooka. Ikiwa ni dakika, aghalabu itashinda pia. Mashine haina hofu, wala haina mtoto. Hofu lazima mtu aiandike katika bei, kwa tarakimu, ama sivyo haimo.

Je, hofu huandikwaje kwa tarakimu? Wapo waliojaribu. Mwaka 2006 Roger Geller, aliyekuwa akisimamia mambo ya baiskeli katika mji wa Portland, Oregon, aliwagawa watu wa mji wake katika mafungu manne. Kwa makadirio yake, wasioogopa barabara yoyote hawakufika hata 1 kwa mia. Wenye kujiamini walikuwa 7. Wasiotaka baiskeli kabisa walikuwa 33. Na waliobaki, 60 kwa mia, walikuwa watu wanaopenda kuendesha lakini wanaogopa magari. Sisi wengi wetu tumo katika fungu hilo la mwisho. Lakini ramani, kwa muda mrefu, zilitengenezwa na kusahihishwa na watu wa mafungu mawili ya kwanza, maana ndio waliokuwa barabarani.

Kisha mwaka 2012 watafiti watatu, Mekuria, Furth na Nixon, wakiuchunguza mji wa San Jose huko California, walitoa kipimo chenye madaraja manne. Daraja la 1 ni barabara anayoweza kupita mtoto. La 2 ni ile wanayoivumilia watu wazima wengi. La 3 ni la waliozoea. La 4 ni la wale wasioogopa kitu. Kwa kipimo hicho, barabara ya njia sita ambayo baiskeli haikutengewa sehemu yake ni daraja la 4, na hiyo ndiyo Georgia Avenue tuliyopewa na simu.

Lililo muhimu zaidi katika kazi yao ni kanuni moja ambayo fundi yeyote wa minyororo angeielewa. Safari haipimwi kwa wastani wake, hupimwa kwa kipande chake kibaya kuliko vyote. Maili 3 za mtaa mtulivu hazifidii makutano mamoja ya kutisha, kwani mzazi hamruhusu mtoto kwa wastani. Waliona pia kwamba mitaa mingi ya mji ule ilikuwa mitulivu, lakini imetengana kama visiwa visivyo na mashua kati yake. Ndugu msomaji unayekaa katika mitaa ya ndani ya Wheaton unayajua hayo. Mtoto huzunguka mbele ya nyumba siku nzima kwa amani, lakini Georgia Avenue, Veirs Mill Road na University Boulevard zimemzunguka kama maji.

Kaunti yetu ya Montgomery ilikichukua kipimo hiki mapema. Mwaka 2016 idara yake ya mipango ilitoa ramani ya intaneti iliyopaka barabara rangi kwa kadiri ya hofu, na kipimo hicho kikatumika katika mpango mkuu wa baiskeli uliopitishwa Novemba 2018. Ni kazi ya kusifiwa. Ila ilifanywa hasa kwa ajili ya kupangia ujenzi, ilhali mtoto huuliza njia kwa simu iliyo mfukoni mwake.

Sasa nieleze jambo ambalo linanifanya nisiridhike hata na ramani zilizo nzuri. Kaskazini magharibi mwa Wheaton kuna njia ya kutembea na baiskeli ipitayo msituni, iitwayo Matthew Henson Trail. (Henson mwenyewe alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Maryland, aliyefuatana na Peary katika safari ya kuelekea Ncha ya Kaskazini mwaka 1909, watoto waelezwe.) Ukiitazama kwenye ramani ni mstari mmoja wa kijani, mtulivu, usio na gari. Lakini mstari huo unaikata Veirs Mill Road. Pale pale, mwezi Desemba 2015, mwendesha baiskeli aligongwa na kufariki, na mwezi Juni 2016 akafariki mwingine. Wawili, mahali pamoja, katika muda wa miezi sita. Baada ya hapo ndipo iliwekwa taa ya kusimamisha magari.

Kwenye ramani kivuko hakina urefu. Ni nukta tu ambapo mistari miwili inapishana. Mashine inayohesabu vipande na kusahau nukta itakwambia kwamba njia ile yote ni salama, na hesabu yake itakuwa sahihi. Kwa maoni yangu, hili ndilo la kwanza la kurekebishwa: vivuko vipewe bei yake vyenyewe. Je, pana taa? Magari hukimbia kwa mwendo gani? Pana kisiwa cha kusimama katikati? Anayejibu maswali haya vizuri ni yule aliyesimama pale na mtoto mkononi.

La pili ni saa. Njia ya Sligo Creek, ambayo nitairudia, ni neema mchana, na mwishoni mwa wiki sehemu za Sligo Creek Parkway hufungwa kwa magari, watoto wakajaa. Lakini mwezi Desemba jua huzama hapa kabla ya saa kumi na moja jioni, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina taa. Jirani yetu mmoja, mama anayetoka kazini saa tano za usiku, aliniambia kwamba yeye hapiti bondeni hata alipwe. Hupita barabara kubwa, juu ya njia ya waendao kwa miguu, penye taa na maduka. Sheria ya kaunti inamruhusu, isipokuwa pale palipowekwa kibao cha kukataza. Kwake yeye, saa hiyo, njia iliyo salama ni ile ile niliyomkataza mwanangu. Basi ramani inayotoa jibu moja kwa watu wote na saa zote haiwezi kuwa sawa, hata ikiwa na rangi nzuri kiasi gani. Yapasa iulize kwanza: ni nani anayekwenda, na ni saa ngapi?

La tatu ni kuchakaa kwa habari. Mwaka 2021 ziliwekwa njia za baiskeli za majaribio kwenye University Boulevard, kati ya Amherst Avenue na Arcola Avenue, kisha zikaondolewa. Aliyeyatunza maelezo ya kiangazi kile kwenye ramani yake angempeleka mtu mwaka uliofuata mahali ambapo magari yamerudi. Vivyo hivyo kwa treni. Tangu Januari 2019 Metro inaruhusu baiskeli saa zote, lakini kwa muda mrefu baiskeli haikuruhusiwa kupanda ngazi za umeme, ilipanda lifti. Nasi wa Wheaton ngazi zetu zina urefu wa mita 70, refu kuliko zote katika upande huu wa dunia. Siku ambayo lifti iliharibika, hesabu yote ya "treni na baiskeli" ilianguka, na mwenye baiskeli akasimama chini kabisa ya ardhi.

Basi nani ataziandika habari hizi? Hapa nina furaha kusema kwamba mfano umetoka kwetu. Ipo ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha, na programu nyingi za baiskeli huchota humo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walipotazama ramani waliona mahali pao pameachwa wazi kana kwamba hapana watu. Wakashika vipimo, wakapachora wenyewe. Mwaka 2011 ikafuata Tandale, Dar es Salaam. Na kuanzia 2015 kazi ya Ramani Huria iliwatoa wanafunzi na wakazi wa Dar kwenda kuandika mitaro, vichochoro na mahali pa mafuriko, mambo ambayo hakuna aliyeyajua kama mwenye kukaa hapo. Ikiwa kijana wa Tandale aliweza kuueleza ulimwengu mahali maji yanapopita, kijana wa Wheaton hashindwi kueleza mahali taa ya kuvukia ilipo.

Kazi yenyewe si ngumu. Katika ramani hiyo mtu aweza kubandika ujumbe mahali fulani, kwa maneno ya kawaida, kisha wazoefu wakautia katika ramani. Kwa wenye simu za Android kuna programu iitwayo StreetComplete, ambayo humwuliza mpita njia maswali mafupi: mtaa huu una taa? Njia hii ni ya lami au changarawe? Watoto wangu wameligeuza jambo hili kuwa mchezo wa baada ya shule, na sikuona sababu ya kuwazuia. Lakini kasoro ya barabara yenyewe haiponi kwa kuchorwa. Barabara za mitaani ni za kaunti, na simu yake ni 311. Ila Georgia, Veirs Mill na University ni za jimbo, na huko ndiko malalamiko yake yapelekwe. Chama cha waendesha baiskeli wa eneo hili, WABA, kimekuwapo tangu 1972 na husemea mambo haya. Wenzetu wa Dar nao wana chao, Umoja wa Waendesha Baiskeli, kwa kifupi UWABA. Nilidhani mwanzoni ni makosa ya chapa.

Turudi kwa mwanangu. Jumapili iliyofuata tulikwenda tena, kwa Sligo Creek. Njia ile huipita Beltway kwa chini, kando ya kijito, na kelele za magari husikika juu ya kichwa bila kumdhuru mtu. Tulitokea Wayne Avenue, tukapanda hadi maktaba. Tulipima kama maili 5. Wale watafiti wa San Jose walichukulia kwamba mtu hukubali kuzunguka kiasi cha robo zaidi ya njia fupi. Mzunguko wetu umekipita kipimo hicho, na mtoto alilalamika kupanda kilima. Nimempa ruhusa ya mchana tu, pasipo mvua, kwa kuwa kijito hupanda baada ya mvua kubwa. Georgia Avenue bado nimeikataza.

Tumeanza kuandika orodha ya vivuko vya Wheaton, kimoja kimoja: kina taa au hakina, taa yake inamtosha mtoto kuvuka au inamwacha katikati. Tumefika kumi na moja. Anayejua kivuko kibaya karibu na kwake aandike jina la barabara mbili zinazokutana pamoja na saa aliyopita hapo, na karatasi ampe yeyote kati ya wanaogawa jarida hili. Watakaopenda kutoka nasi Jumapili waje na vijana wao, breki zikiwa zimekaguliwa, na kofia ngumu kichwani kwa kila aliye chini ya miaka 18, kama sheria ya kaunti inavyotaka.