Je, Wajua? Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Je, wajua kwamba ruzuku ya mbolea haipiti mkononi mwa mkulima wa Kehancha, Kuria Magharibi nchini Kenya, kama pesa taslimu? Yeye huona bei tu. Septemba 2022 serikali ilitangaza mfuko wa kilo 50 ushuke kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500. Agosti 2023 ukafika Sh2,500. Pengo kati ya bei hiyo na ya soko huzibwa na kodi, na mnunuzi wa sabuni naye amechangia.

Je, wajua kwamba kabla ya mbolea huja daftari? Mapema 2023 machifu na manaibu wao walisimamia usajili wa wakulima: jina, kitambulisho, simu, ekari, mazao. Ujumbe wa simu kuhusu mbolea hutumwa kwa aliye kwenye orodha.

Je, wajua maana ya 18-46-0 kwenye mfuko wa mbolea ya DAP? Ni asilimia: naitrojeni 18, fosfeti 46, potashi hamna. Kwa hiyo kilo 50 zapaswa kubeba kilo 9 za naitrojeni na 23 za fosfeti. Mfuko usio na tarakimu hizo ni wa kutiliwa shaka, japo tarakimu zenyewe si kiapo.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 serikali ilikiri kuwa mbolea isiyofikia viwango iliuzwa kwa wakulima kupitia mpango wa ruzuku? Wanahabari ndio waliofichua. Mei mwaka huo Bunge la Taifa liliunga mkono hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, lakini kamati maalum ya wabunge 11 ikasema tuhuma hazikuthibitishwa.

Je, wajua kwamba mkulima wa tumbaku huko Kuria ni mwanafunzi wa siku nyingi wa hesabu za pembejeo? Kampuni humkopesha mbegu, mbolea na dawa, kisha humkata siku ya mauzo. Asiyekagua makato hurudi nyumbani na karatasi.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari, Tanzania ilipopanua vocha za pembejeo mwaka 2008, majina ya wanufaika yalipaswa kuidhinishwa na mkutano wa kijiji? Jirani alimjua mwenye shamba na asiye nalo.

Je, wajua kwamba hata Ulaya walivutana kuhusu majina ya wanufaika? Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilizuia kutangazwa kiholela kwa majina ya watu binafsi waliopokea ruzuku ya kilimo. Sheria ya 2013 iliyarudisha majina hadharani, ila ikawaficha wapokeaji wa viwango vidogo.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya, Kifungu cha 35, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali? Sheria ya 2016 kuhusu haki hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, bila ada ya kuomba, na jibu litoke ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika, afisa amwandikie. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala ndani ya siku 30.

Ombi la mstari mmoja latosha: "Naomba kujua ni mifuko mingapi ya mbolea ya ruzuku iliyoletwa Kuria Magharibi msimu huu, na mingapi imeuzwa." Tia sahihi, andika tarehe, ubaki na nakala.