Shairi Langu Lilivyochechemea

Nilipokuwa kidato cha pili nilitunga shairi la kumghania mama Siku ya Wazazi. Mwalimu alisoma mshororo mmoja tu, akanirudishia karatasi. "Hili lachechemea," akasema. Mama alikuja, akaketi, akarudi nyumbani bila kusikia shairi lake. Liliniuma jamani! Basi nisikilizeni, yasije yakawapata.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilihesabu maneno, kumbe mizani ni silabi. Tarbia ina mishororo minne kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16: nane za ukwapi, nane za utao. Mimi niliandika "Mama yangu ninakukumbuka". Hebu hesabu kwa vidole. Ni kumi!

Pia tahadhari na "m" na "n" zinazosimama peke yake. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Nchi" vilevile, n-chi. Lakini "mbuzi" si tatu, kwani "mbu" ni silabi moja.

Baadaye nilikaa chini nikalitengeneza hivi:

Mamangu nakukumbuka, kila siku nikilala,
Shambani ulitumika, nisome nipate kula,
Mola akupe baraka, akuepushie hila,
Pokea wangu waraka, kwani mimi sina hela.

Tazama mambo matatu. Kwanza, "mama yangu" limekuwa "mamangu". Kufupisha huko huitwa inkisari, na mshairi anaruhusiwa. Pili, nimesema "wangu waraka" badala ya "waraka wangu". Katika insha ungekatwa alama, lakini hapa nilitaka kina cha kati kiwe "ka" kama wenzake. Vina vya mwisho ni "la". Tatu, koma. Hiyo si pambo! Yatenganisha ukwapi na utao, na yamwambia msomaji apumue wapi. Ukiitia pasipo pake, hata shairi lenye mizani kamili litasomeka vibaya.

Ruhusa hiyo ya mshairi lakini isiwe kichaka cha kufichia uvivu. Tumia inkisari pale tu mizani inapokulazimu.

Basi ukimaliza kutunga, gonga meza kwa kila silabi. Meza haidanganyi. Nami likizo ilipofika nilimghania mama jikoni, akiwa anachochea moto. Aliniambia nirudie ubeti wa mwisho.

Haya wenzangu, kalamu mkononi!