Ndani ya Kidonge cha Mafua

Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi katika maduka ya dawa ya Ilomba swali huwa lile lile: "Dada, dawa ya mafua ipo?" Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge 12 kutoka kwenye pakiti, anavitia kwenye bahasha ndogo na kuandika 2×3. Mara nyingi majina ya viambata yanabaki kwenye boksi. Mgonjwa anaondoka hajui anachokwenda kumeza.

Kidonge hicho kwa kawaida kina dawa tatu au nne kwa pamoja. Kuna parasetamoli ya kushusha homa na kutuliza maumivu, klorofeniramini, ambayo wengi tunaiita Piriton, ya kupunguza chafya na makamasi, fenilefrini ya kuzibua pua, na pengine kafeini. Hakuna hata moja inayoua virusi vya mafua. Zinapunguza adha tu, mwili ukipambana wenyewe kwa siku 7 hadi 10 hivi. Antibayotiki nazo haziviui.

Ninayoihofia zaidi ni parasetamoli, kwa sababu kila mtu anaiona haina madhara. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 4,000 kwa saa 24. Mchukue fundi ujenzi mwenye mafua. Anameza vidonge vyake viwili mara tatu kwa siku. Kama kila kimoja kina miligramu 500, hizo ni 3,000. Kichwa bado kinagonga, jirani anampa Panadol, naye anameza mbili mara tatu. Zimeongezeka 3,000 nyingine. Usiku anakoroga dawa ya unga kwenye maji ya moto, nayo ina parasetamoli. Kila dawa kaitumia kama alivyoelekezwa, lakini ini lake limebeba zaidi ya 6,000. Kwa mnywaji wa pombe hali ni mbaya zaidi. Na kwenye maboksi ya Marekani dawa hiyo hiyo huandikwa Acetaminophen.

Fenilefrini ina habari yake. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa dozi zinazouzwa madukani, haizibui pua. Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye dawa hizo. Ya kupulizia puani haikuguswa. Vidonge vingine hutumia sudoefedrini, ambayo inafanya kazi lakini hupandisha presha, kwa hiyo mwenye presha amwambie muuzaji kabla hajatoa hela.

Klorofeniramini huleta usingizi. Dereva wa lori anayeushuka mteremko wa Mbalizi, au kijana wa bodaboda, asiimeze akiwa kazini.

Mimi huwashauri watu wanunue dawa ya kile kinachowasumbua. Kichwa na homa, parasetamoli peke yake inatosha. Pua imeziba, isafishwe kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikohozi, kijiko cha asali kinasaidia, ila si kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na tafadhali, mama asivunje kidonge cha mtu mzima nusu ampe mtoto. Walio chini ya miaka miwili hawafai kabisa kupewa dawa hizi za mchanganyiko. Mtoto akihema haraka, mbavu zikibonyea au akikataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya hapo hapo.

Aliyezidisha parasetamoli aende hospitali hata kama anajisikia mzima, kwa kuwa siku ya kwanza dalili huwa chache au hakuna, ilhali ini linaendelea kuumia. Ipo dawa ya kuikabili sumu hiyo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Abebe pakiti na bahasha zote alizonazo, daktari ajumlishe miligramu.