Nduthi za Ziwani na Maandishi Yake

Mwanafunzi wa fasihi wa Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa kwamba jina la kanga ni matini. Maandishi ya matatu nayo yamekwisha kupata watafiti wake. Kitabu cha Mbugua wa Mungai kuhusu utamaduni wa matatu jijini Nairobi kilitoka mwaka 2013. Pikipiki, ambayo leo imejaa katika vichochoro vya Eastlands, haijasomwa kwa bidii iyo hiyo. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mwenye pikipiki mtaani Ziwani anavyokibadilisha chombo kilichotoka kiwandani kikiwa sawa na maelfu ya vingine, na kwa nini maneno anayoyaandika juu yake yanastahili nafasi katika somo letu.

Tuanze na majina. Pikipiki ni tanakali ya sauti, jambo tunalofundishwa mapema. Bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda. Ziwani na mitaa jirani, vijana husema nduthi. Huko Unguja wengi husema vespa, na neno hili lina safari ndefu zaidi. Kwa Kiitaliano vespa ni nyigu. Kampuni ya Piaggio ilikitoa chombo hicho Pontedera mwaka 1946, kwa usanifu wa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Miaka miwili baadaye ikatoa kingine cha magurudumu matatu na kukiita Ape, yaani nyuki. Anayepanda tuktuk ya Piaggio mjini Mombasa, basi, amebebwa na nyuki bila kujua.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ilikuwa ikiunda Vespa nchini India kwa leseni ya Piaggio, na leseni hiyo ilikoma mwaka 1971. Bajaj hiyo ndiyo iliyowapa Watanzania neno bajaji, na ndiyo itengenezayo Boxer, pikipiki ambayo imeenea mno katika vituo vya bodaboda vya Nairobi. Sidai kwamba Boxer ni mtoto wa nyigu, kwani haifanani naye hata kidogo. Labda tuseme ni jamaa yake kwa ndoa.

Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka 2008, chombo hiki kiliongezeka kwa kasi, na kila kilichonunuliwa kilikuwa pacha wa kilichotangulia. Hapo ndipo kazi ya mwenyewe ilipoanzia. Ziwani ina bahati ya mahali: barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, haiko mbali, na huko hupatikana vipuri vya kila aina; mafundi wa jua kali wa Kamukunji nao wako jirani, wenye uwezo wa kukunja na kuchomelea chuma kadiri ya matakwa ya mteja. Mwenye nduthi huongeza vyuma vya kukinga miguu, kiti kirefu chenye ngozi ya rangi mbili, mwavuli wa mvua, taa ndogondogo, redio, na vioo vya ziada ambavyo havina kazi ya kuonyesha kitu. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 walizijaza Vespa na Lambretta zao vioo na taa kwa namna hiyo hiyo. Sidhani kuna aliyeiga. Nadhani tamaa ya kujitofautisha katikati ya pacha wengi huzaa matokeo yanayofanana.

Kituoni, ujuzi huu haufichwi. Aliyepata fundi mzuri humwelekeza mwenzake, na rangi ya kiti iliyosifiwa leo hujitokeza katika nduthi nyingine baada ya muda mfupi. Vyama vya kuchangiana, ambavyo wanachama hupokezana fedha kwa zamu, vimewawezesha baadhi ya waendeshaji kununua chombo chao wenyewe. Tofauti ya umiliki husomeka kwa macho. Anayeendesha chombo cha mtu mwingine na kupeleka hesabu kila jioni, mara nyingi huridhika na stika inayobanduka. Rangi ya kudumu na jina lililoandikwa na msanii huja mali ikishakuwa yake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo maana ya kwanza ya maandishi hayo kabla hata hatujayasoma: yanatangaza kwamba deni limekwisha.

Mahali pakuu pa maneno ni raba inayoning'inia nyuma ya madigadi kuzuia tope. Nafasi ni finyu, hivyo msanii hulazimika kubana lugha kama mtunzi wa methali. Humo hukutwa dua, methali zinazojulikana pia katika kanga kama vile "Wema hauozi" na "Hasidi hana sababu", majigambo, lakabu, na Sheng ambayo asiyekuwa wa mtaa huo haielewi. Lakini la kuzingatia zaidi ni hadhira. Mwendeshaji hawezi kuyasoma maneno hayo akiwa safarini, wala abiria aliyempakia. Yanamlenga aliye nyuma, aliyepitwa, aliyekwama katika msongamano. Ndiyo sababu kejeli na majigambo huafiki mahali hapo. Jina la kanga nalo humfikia zaidi yule ambaye mvaaji amempa mgongo.

Je, matini haya yako salama? Tunayo mifano ya matatu. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliziwekea matatu mstari wa manjano na kuzibana picha na maandishi, na ni mwaka 2014 tu ambapo Rais Uhuru Kenyatta alitaka sanaa hiyo iachiliwe. Utafiti wa nduthi unakabiliwa na jambo la kimyakimya zaidi. Chombo kilichonunuliwa kwa mkopo hubaki kwa kiasi fulani mali ya mkopeshaji mpaka malipo yakamilike, na pikipiki za umeme, ambazo zimeongezeka Nairobi katika miaka ya karibuni, mara nyingi huja na rangi na nembo ya kampuni, huku betri ikibadilishwa vituoni bila kuwa mali ya mwendeshaji. Aidha, hazitoi ile sauti ya piki-piki iliyotupa neno lenyewe.

Raba ya madigadi nayo haidumu. Hupasuka, hupauka, hutupwa, na maneno yake hupotea nayo. Kwa hiyo napendekeza kwamba wanachama wanaoishi Eastlands waanze kukusanya: picha ya maandishi, tarehe, jina la kituo, na maelezo ya mwenyewe kuhusu sababu ya kuyachagua, ikiwa atakubali kuyatoa. Namba ya usajili ifichwe. Pikipiki isiyo na neno lolote pia iandikwe katika daftari, pamoja na kama mwendeshaji wake ndiye mwenyewe.